Harufu ya Bahari Ikungi

Bahari sijawahi kuiona. Nina miaka hamsini na kitu, nimezaliwa Ikungi na kulima Ikungi, na mbali kabisa nilikofika upande wa mashariki ni Dodoma, tena nilipelekwa nimelala. Lakini kazi ya meli nimeifanya. Mzigo wa meli nimeupakia kwa mikono hii, na dawa iliyoniharibu mapafu iliwekwa kwa ajili ya safari ya meli. Kwa hiyo mtu asishangae mla ugali wa mtama na mlenda akiandika habari za bahari.

Shule niliishia darasa la nne. Nitaandika ninavyosema. Majina sitaandika, maana waliofanya haya wana mawakili, mimi nina kikohozi. Nitawataja kwa kazi zao: msimamizi, dereva, mtu wa dawa. Wakisoma watajijua. Wa nne ni mimi mwenyewe. Nimemtaja mapema ili mtu asije akadhani namficha.

Swali lenyewe ni dogo. Mwenzangu niliyekuwa napakia naye alikufa. Je, siku ile alikuwa amekunywa pombe, au hakunywa? Basi. Hilo ndilo mke wake alilotaka liwekwe wazi mbele ya watu. Jibu nilikuwa nalo mimi, nikakaa nalo miaka minne.

Lakini nianze na baba, maana bahari niliipata kwake.

Baba alikuwa kuli wa bandarini Dar es Salaam tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa anakuja nyumbani mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno, halafu anarudi. Nilipokuwa na miaka kama kumi na miwili alirudi moja kwa moja. Mama akamuuliza, "Umefukuzwa?" Akasema, "Nimefukuzwa na sanduku." Sisi watoto tukacheka. Yeye hakucheka.

Tulikuwa na nyumba ya tembe, ile ya paa bapa la udongo, na mtama ulikuwa unaanikwa juu ya paa. Kazi yangu ilikuwa kukaa huko juu mchana kufukuza ndege. Baba akawa anapanda, anajilaza kwenye ngozi karibu na mtama, anaongea huku kofia imemfunika macho. Kiangazi, ukikaa juu ya tembe, nyika yote ya Ikungi inayeyuka. Joto linapanda kutoka ardhini, mibuyu ya mbali inaelea, ng'ombe wanatembea juu ya maji yasiyokuwepo. Na sauti ya baba inakuja taratibu kutoka chini ya kofia. Nilikuwa nahisi kabisa paa linainuka na kushuka. Nilikuwa nashika ukingo wa udongo nisianguke.

Alisema babu yake yeye alikwenda pwani kwa miguu, miezi, amebeba pembe ya tembo ya mtu mwingine begani, ili mtu mwingine tena aipakie chomboni. Alisema baadaye zikaja meli za moshi, na reli ikachukua kazi ya mabega hadi gatini, lakini kuanzia gatini bega lilibaki bega. Katani, kahawa, korosho, pamba, yote ilipanda melini kwa migongo ya watu na nyavu za kamba. Genge zima la wanaume linashuka tumboni mwa meli, linapanga magunia kama unavyopanga matofali, maana gunia likikaa vibaya meli inalala upande. "Meli ya zamani," alisema, "ilikuwa mgeni mwenye heshima. Ikifika inakaa wiki mbili, wiki tatu, inajulikana kwa jina, mabaharia wake tunawajua kwa sura. Siku hizi inakuja kama mtu aliyekuja kuomba moto. Hata haijakaa."

Kilicholeta haraka hiyo ni sanduku. Yaani kontena. Baba alilichukia kama mtu. Alisema siku sanduku la kwanza lilipoinuliwa na kreni, makuli wote walisimama wakashangilia, wanapiga makofi, hawajui kwamba wanashangilia jeneza lao. Kazi iliyowachukua watu sitini siku nzima, sanduku moja baada ya jingine, dereva wa kreni anaimaliza amekaa, anakunywa chai.

"Na bahari ikoje?" nilikuwa namuuliza, kila siku swali hilo hilo.

"Kubwa."

"Kama ziwa la Singida?"

"Achana na Singida. Lile ni bakuli la chumvi."

"Inanukaje?"

Hapo alikuwa anafikiri. Naona kofia inatikisika. "Inanuka samaki. Lakini siyo samaki wa kula. Samaki aliyesahaulika mahali."

Nikashika hilo. Mtoto hashiki mambo makubwa, anashika vitu kama hivyo. Baba alikufa, tembe likabomoka, mimi nikaoa nikazaa nikazeeka kidogo, na kichwani nimebaki na bahari inayonuka samaki aliyesahaulika.

Halafu lile sanduku likatufuata Ikungi.

Walikuja watu wa kununua dengu na mbaazi za kupeleka nje. Wakakodi yadi kando ya barabara ya Dodoma, wakamwaga kokoto, na makontena yakaanza kufika juu ya semitrela, matupu, yamechubuka, yameandikwa maandishi ya kila nchi. Baba angekuwepo angeyatemea mate. Mimi nilikwenda kuomba kazi. Njaa haina baba.

Hapo ndipo nilipokutana na mwenzangu. Mimi Mnyaturu, yeye Mnyiramba wa Kinyangiri, mkulima kama mimi, alikuja Ikungi kwa ajili ya kazi hiyo, amepanga chumba, mke amebaki na shamba na ng'ombe wawili. Mtu mrefu, mkimya akiwa peke yake, lakini kazini mdomo wake haufungi. Kwao kanisani alikuwa anaimba besi. Pombe hakuonja, hata togwa alikuwa anauliza kwanza imekaa siku ngapi.

"Mnyaturu, vuta kiroba! Usikikumbatie kama mkwe."

"Mkwe hakumbatiwi, Mnyiramba wewe. Ndiyo maana mahari kwenu mnarudishiwa."

"Kwetu mahari haijawahi kurudi. Ng'ombe wetu wakishafika kwenu wanaliwa siku hiyo hiyo."

Tulifanya hivyo toka asubuhi mpaka jioni. Tulikuwa tunapanga viroba ndani ya sanduku hadi dari, yeye anashusha besi yake, na chuma chote kinaitikia. Kuimba ndani ya kontena ni kitu cha ajabu. Sauti inakuzunguka, inakurudia kutoka pande zote kama watu kumi. Alikuwa ananiambia, "Sikia, kwaya nzima imo humu." Nami nilimpa malipo ya wimbo: habari za baba. Pembe begani, nyavu za kamba, meli zinazolala upande, harufu ya bahari. Alizipenda. Alikuwa anaweka kiganja kwenye ukuta wa kontena uliojaa kutu, anasema, "Hiki chuma kimeona maji mengi kuliko sisi wote na babu zetu." Tulikuwa wanaume wazima, lakini ndani ya lile boksi, mchana wa jua, vumbi la dengu linaelea kwenye mwanga wa mlango, tulikuwa tumeshafika mbali.

Sasa siku yenyewe.

Tulimaliza kontena jioni. Mtu wa dawa akaja na kopo lake, akaweka vidonge vya kuua wadudu katikati ya viroba. Vidonge hivyo vikikaa hewani vinatoa moshi usioonekana, unaua kila chenye pumzi, ili dengu ifike ng'ambo bila mdudu. Hayo nayajua leo. Siku ile tulijua tu ni "dawa ya wadudu," na sisi si wadudu. Akabandika mlangoni karatasi yenye fuvu, mlango ukafungwa. Kosa lake yeye ni hili: hakutuambia neno. Alituona tumesimama pale, akanawa mikono, akapanda pikipiki.

Asubuhi lori likaondoka. Saa sita mchana likarudi. Mizani imelikataa, mzigo umezidi. Msimamizi, kijana wa mjini mwenye buti safi, akamgombeza dereva, dereva akamgombeza msimamizi, halafu wote wawili wakatugeukia sisi. Viroba ishirini vishuke, haraka, meli haisubiri. Hilo ndilo lilikuwa neno lake kila siku, meli haisubiri. Mlangoni karatasi ya fuvu haikuwepo. Dereva aliibandua kabla ya mizani, asije akaulizwa maswali akacheleweshwa. Alilisema mwenyewe pale pale, nikasikia kwa masikio yangu, na msimamizi akajibu, "Vizuri." Kwa hiyo walijua. Wote wawili. Naandika hivyo na sifuti.

Mlango ukafunguliwa. Harufu ikatupiga usoni.

Samaki. Samaki aliyesahaulika mahali.

Mwenzangu akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa na akili kuliko mimi. Akasema, "Kuna kitu kimeoza humu."

Mimi nikafanya nini? Nikacheka. Moyo wangu ulikuwa umejaa, sijui niseme vipi, nilikuwa juu ya tembe tena. Nikamwambia, "Hakijaoza kitu. Hiyo ndiyo bahari! Si nilikwambia? Ndivyo inavyonuka. Sanduku limekaa nayo miaka, leo joto limeitoa."

Akanitazama. Akatabasamu. Akavuta pumzi ndefu, ya mtu wa besi, pumzi inayoshuka mpaka tumboni, akasema, "Kumbe ndiyo hii." Kisha akapanda kwanza, akatambaa juu ya viroba mpaka ndani kabisa, kule juu karibu na dari. Mimi nikabaki karibu na mlango nikipokea.

Sikumbuki kuogopa. Nakumbuka kifua kubana taratibu, kama mtu anayekukumbatia kwa nyuma, na kiu. Nakumbuka mwanga wa mlango ukawa mweupe sana na kokoto za yadi zikaanza kwenda kwa mawimbi. Nakumbuka mwenzangu akitoka kwa magoti, anapita juu yangu, anashuka, anatembea. Ilikuwa siku ya gulio. Barabara imejaa watu na mbuzi na ndoo za mafuta ya alizeti. Alitoka getini anayumba, anashika hewa, anatapika, anaongea Kinyiramba peke yake. Watu wakampisha. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, saa saba mchana na mtu kashalewa!" Wakacheka. Gulio zima lilimuona. Alikaa chini karibu na muuza vitunguu, akafa kabla gari halijapatikana.

Mimi nilizinduka Dodoma.

Msimamizi alikuja hospitali na machungwa. Alikaa kitandani kwangu, akanivulia kofia. "Mzee, pole. Mwenzako kwa kweli alikuwa amekunywa, kila mtu kaona. Pombe na joto la ndani ya chuma vimemmaliza. Wewe unasemaje?" Mimi kifua hakitoi sauti. "Husemi kitu, si ndiyo? Ukipona usirudi kubeba viroba. Utakuwa mlinzi wetu, kazi ya kukaa." Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kutikisa kichwa hakuhitaji mapafu.

Basi nikawa mlinzi wa masanduku. Kiti, koti, tochi. Na Kinyangiri habari ikafika kabla ya maiti: kafa mlevi, gulioni, mchana kweupe. Usharika wao ni mkali. Mlevi haimbiwi. Akazikwa na ndugu zake kwa sala fupi, wanakwaya wenzake wamesimama mbali kando ya uzio, midomo imefungwa. Na kila mwaka kuna Jumapili yao ya kuwakumbuka waliotangulia, majina yanasomwa moja moja madhabahuni. Jina lake halisomwi.

Kila mwaka, wiki moja kabla ya Jumapili hiyo, mke wake alipanda basi kutoka Kinyangiri akaja yadini. Mara ya kwanza aliniuliza wima, "Shemeji, alikunywa au hakunywa?" Nikasema, "Sikumbuki, shemeji. Mimi mwenyewe nilizimia." Mara ya pili akauliza hivyo hivyo. Nikajibu hivyo hivyo. Mara ya tatu aliongeza, "Mama mkwe wangu anazeeka. Anataka asikie mwanawe anaitwa kanisani kabla hajaenda." Nikasema nitafikiri. Mtu anafikiri nini hapo? Nilikuwa nafikiri kiti.

Mwaka wa nne hakuuliza. Alinisalimia, akakaa kwenye kokoto, akanyoosha miguu. Baada ya muda akasema, "Nataka kuingia."

"Wapi?"

"Ndani ya hilo. Nione alikokuwa."

Palikuwa na moja tupu. Nilifungua milango yote miwili, nikamshika mkono asiingie, tukangoja. Nikatangulia mimi kunusa. Hapakuwa na kitu, ni kutu na vumbi tu. Ndipo nikamwacha. Alivua kandambili kama anaingia nyumbani kwa mtu. Akatembea mpaka mwisho, gizani, nikawa naona tu nyayo zake na pindo la kitenge. Akaita jina la mumewe, polepole, siyo kwa kulia. Jina likazunguka mle ndani likarudi likiwa nene, kama limesemwa na watu wengi. Akaita tena. Nilisimama mlangoni, jua mgongoni, na sijui ilikuwa dakika ngapi, siku ile saa ilikuwa haina mahali pa kushika.

Alipotoka nilimwambia. Sikupanga. Nilimwambia yote, vidonge, karatasi ya fuvu, dereva, msimamizi, machungwa. Nikamwambia na la bahari, kwamba mumewe alisita na mimi nikamcheka.

Alivaa kandambili zake, moja, na nyingine.

"Kwamba hakunywa nilikuwa najua," akasema. "Nimelala naye miaka kumi na tisa. Unaniambia mimi ili iweje? Kawaambie wao."

"Nitafukuzwa hapa."

"Ndiyo," akasema. "Utafukuzwa."

Jumapili nikapanda gari la alfajiri hadi Singida mjini, nikaunga jingine mpaka Kinyangiri. Kanisani walinipa nafasi wakati wa matangazo, baada ya mtu aliyepoteza ndama. Nilizungumza kwa vipande, pumzi ikinikatika. Nilipofika kwenye harufu ya samaki, vijana wa nyuma wakacheka, mmoja akasema, "Bahari Ikungi!" na wengine wakazidi. Nikangoja. Nikasema, "Ndiyo. Nami nilicheka hivyo hivyo."

Mzee wa kanisa akasimama. Kichwa kizima cheupe. "Miaka minne mjane huyu anapita mlangoni humu ameinamisha kichwa. Ulikuwa wapi?"

"Shikamoo mzee. Nilikuwa mlinzi."

"Wa nini?"

"Wa masanduku yao."

"Na leo?"

"Nadhani leo nimeacha."

Hakuitikia shikamoo yangu. Alimgeukia mchungaji, wakanong'onezana, na mchungaji akafungua karatasi ya majina, akaomba kalamu, akaandika juu ya goti lake. Aliposoma, lile jina lilikuwa la mwisho. Bibi mmoja mbele kabisa, kilemba cheusi, akasema kwa nguvu kama anayeitwa shuleni, "Yupo!" Nikajua ndiye mama yake.

Ibada ilipokwisha, kwaya ikavua majoho, ikayakunja mikononi, na watu wote wakashika njia ya kaburini. Nami nikaunga nyuma. Mke wake akasimama njiani, akaniacha nimfikie.

"Shemeji, umefanya vizuri kuja," akasema. "Lakini kule hufiki."

"Nimeelewa."

"Sijui kama umeelewa. Kaa hapa kivulini. Watakuletea maji."

Nikakaa kwenye gogo kando ya shamba la alizeti iliyokwisha kuvunwa. Kilima kidogo kilinikinga, sikuwaona. Niliwasikia. Walianza wimbo juu mno, wakaacha, mtu akakohoa, wakaanza tena chini zaidi, soprano kwanza, alto, tena. Besi zilikuwa chache.